Aliyezikata Jordan hakukosea, niliyekosea ni mimi

Ugomvi ulianza saa nne usiku. Umeme ulikuwa umekatika na simu yenye chaji chumbani ilikuwa moja tu, ya kwangu. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu picha ya kinyago. Macho makubwa, mdomo umebenuka, nywele ndefu nyeusi zinaning'inia, rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliikuza ile picha kwa vidole viwili, kisha akashuka kabisa kuja kuitazama vizuri.

“Subiri kwanza. Hizo si Jordan?”

Ni Jordan.

“OG?”

OG. Mpya, za dukani.

“Na kazikata?”

Kazikata. Hapo ndipo kelele zilipoanza, hadi chumba cha pili wakagonga ukuta. Mmoja akasema huyo mtu ana laana. Mwingine akasema ni yaleyale ya Wazungu waliokosa kazi, na kama hazitaki si angetugawia. Nikajaribu kueleza kwamba aliyefanya hivyo si Mzungu hivyohivyo tu, nikanyamazishwa.

Naomba nimalizie maelezo yangu hapa, ambapo hakuna wa kunikatisha.

Kwanza niseme ukweli kuhusu chumba chetu. Huyo aliyeshuka kitandani kwa hasira, bumu la muhula uliopita lilipoingia tu alikwenda Kariakoo akanunua raba za Sh 120,000, halafu wiki tatu akaishi kwa mihogo na chai ya rangi. Ningemcheka, ila na mimi ninazo. Zangu ni feki, Sh 35,000 baada ya kubishana sana, na yule mtu anayeruka kwenye alama ana mguu mmoja mnene kuliko mwingine. Nazivaa siku za prezentesheni. Kwa hiyo niliposema “kazikata”, na mimi kuna kitu kilinichoma, na nilitaka kujua ni kitu gani.

Msanii mwenyewe anaitwa Brian Jungen. Ni wa Kanada, alizaliwa mwaka 1970 katika jimbo la British Columbia. Baba yake alikuwa na asili ya Uswisi, mama yake ni wa watu wa Dane-zaa, wenyeji wa eneo lile kabla ya wahamiaji kutoka Ulaya kufika. Kati ya mwaka 1998 na 2005 alinunua raba za Air Jordan, akazifumua, akazikata, akazishona upya kuwa vinyago. Mfululizo mzima aliuita Prototypes for New Understanding, na vinyago viko 23. Anayefuatilia kikapu ameshaelewa: 23 ndiyo namba aliyovaa Michael Jordan.

Sasa sikilizeni alichokiona. Aliwahi kuingia kwenye duka la Nike jijini New York akakuta raba zimewekwa ndani ya kabati za vioo, zinamulikwa taa, kama vile makumbusho wanavyoweka vitu vya mababu. Na yeye anatoka nchi ambayo vinyago vya wenyeji wa pwani ya magharibi, kama Wahaida, vimewekwa ndani ya kabati za vioo vilevile, na vingine vinachongwa ili viuzwe kwa watalii. Rangi kuu za vinyago vile ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi za zile raba ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Yeye hakufanya zaidi ya kuvikutanisha vitu viwili vilivyokuwa vinafanana siku zote.

Na kuna jambo la pili lililonichukua muda kulielewa. Watu wa Dane-zaa hawaishi pwani. Vile vinyago si vya kwao. Ila mtalii akisikia “mwenyeji wa Kanada” anataka kinyago cha aina hiyo, hajali kinatoka kabila gani. Ni kama Mtanzania yeyote akienda nje anavyotarajiwa aruke kama Mmasai. Jungen akawapa walichokuwa wanakitaka, halafu akakitengeneza kwa kitu kilichoshonwa kiwandani Asia ambacho wao wenyewe wanakipanga foleni. Wala hakuficha mishono. Ukikitazama unaona kinyago, ukisogea unaona kiatu, ukirudi nyuma unaona kinyago tena.

(Kuna siku pia alichukua viti vya plastiki, vile vyeupe tunavyokodi kwenye harusi na misiba, akavikata na kuviunganisha vikawa mifupa ya nyangumi anayeelea hewani. Hiyo ni mwaka 2000. Tangu nimeiona picha yake siwezi kukaa kwenye sherehe nikasikiliza hotuba.)

Basi, hoja ya kwanza ya chumbani ilikuwa “hata mimi naweza”. Hii tumeisikia tangu mwaka 1917, Marcel Duchamp alipopeleka sinki la kukojolea wanaume kwenye maonyesho kule New York na kuliita Fountain, yaani chemchemi. Sitabishana na hoja hiyo kwa maneno. Nilikwenda kwa fundi viatu wa pale getini.

Nilimkuta anapigilia soli. Nikamsalimia, nikampa simu, nikamwambia fundi naomba unitazamie hiki kitu. Hakuuliza kama ni sanaa. Aliweka nyundo chini, akafuta vidole kwenye suruali, akaikuza picha. “Huu mshono ni wa kiwandani,” akasema, akionyesha sehemu moja. “Huu ni wa kwake.” Akasogeza. “Huyu hajakata ovyo, dada. Kaanza kwa kufumua. Ukianza na mkasi ngozi inakuharibikia.” Halafu akaniomba kiatu changu, akainua lile tandiko la ndani, akanionyesha: boksi. Kisigino changu cha Jordan kimeshindiliwa boksi. “Cha kwako hakiwezi kuwa kinyago,” akasema, na wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakacheka sana, na mimi nikacheka kwa shida.

Nilirudi hosteli nikiwaza kuhusu yule fundi kuliko kuhusu kile kinyago. Angeonyeshwa sanamu ya shaba ya mtu fulani wa Ulaya, angesema ni nzuri, akanirudishia simu yangu. Shaba haijui, na angeona si haki yake kuisemea. Lakini kiatu anakijua kuliko mhadhiri yeyote wa hapa, kwa hiyo alikuwa na la kusema, akalisema bila kumwomba mtu ruhusa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya sanaa hii kwa maoni yangu. Msanii akitumia kitu ambacho sote tunakinunua, tunakivaa na kukidaiwa, sote tunapata haki ya kubishana naye. Hata zile kelele za chumbani zilikuwa ubishi wa watu wanaojua bei.

Mfano mwingine wa harakaharaka. Mreno Joana Vasconcelos alitengeneza jozi ya viatu vya kisigino kirefu, vikubwa kuliko mtu, kwa sufuria na mifuniko yake. Aliviita Marilyn. Mwaka 2012 alivionyesha ndani ya kasri la Versailles, Ufaransa. Ila taa yake kubwa ya kuning'iniza, A Noiva, yaani bibi harusi, ilikataliwa kuingia mle ndani, kwa sababu imetengenezwa kwa maelfu ya tamponi za hedhi. Sufuria sawa, hedhi hapana. Msichana yeyote aliyewahi kukosa kipindi kwa sababu ya kukosa pedi anaweza kuandika insha nzuri kuhusu taa hiyo kuliko wakosoaji waliolipwa.

Nisije nikaonekana nasifia kila kitu. Kipo kimoja kilichotugombanisha mimi na mama yangu, na bado sijui nimsimamie nani.

Mama anauza mitumba. Amenisomesha kwa blauzi za kina mama wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2022, kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, kundi la wasanii wa Nairobi, The Nest Collective, lilijenga nyumba katikati ya bustani kwa kutumia belo za nguo kuukuu. Kuta ni belo. Ndani wakaonyesha filamu. Kazi yenyewe inaitwa Return to Sender, yaani mrudishie aliyetuma. Hoja yao inaeleweka: nguo mnazozitoa huko kama msaada zinafika kwetu kama biashara, na nyingi zinaishia kuwa takataka ambazo hatukuzizalisha. Basi hizi hapa, zimerudi, zimekaa kwenye nyasi zenu nzuri.

Nilipoiona nilifurahi mno. Nilikumbuka lile sakata la mwaka 2016, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba isitishwe ifikapo 2019, Marekani ikatishia kutuondolea nafuu ya ushuru ya AGOA, na sisi na Kenya na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Nikaona hatimaye kuna mtu amewajibu. Nikamtumia mama picha.

Alijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia soko. “Mwanangu, hizo belo zimefungwa. Mbona hawajazifungua? Mle ndani mna ada ya mtu.”

Nikamweleza kwamba ndiyo maana yenyewe, ni ishara. Akanyamaza siku nzima. Usiku akatuma nyingine, fupi: “Ila ile belo ya Machi ningewarudishia.” Ile ya Machi naikumbuka. Iliandikwa blauzi. Juu zilikuwa blauzi kweli, chini yakawa makoti mazito yaliyochanika bitana na suruali zenye rangi ya ukutani. Mtaji wa miezi miwili. Kufungua belo ni kamari, isipokuwa mcheza kamari anaweza kuacha.

Kwa hiyo mama anabishana na wasanii wa Nairobi, na nadhani ana haki upande mmoja na wao wana haki upande wa pili. Kwangu hilo ndilo linaloifanya ile nyumba kuwa kazi nzuri. Belo lililofungwa lina takataka na lina ada, na hujui hadi ukate kamba. Sikuwahi kumsikia mama akisema chochote kuhusu sanaa kabla ya siku ile. Ana kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji, basi.

Sasa nije kwetu, watu wa kitivo cha elimu, maana nimeandika yote haya ili nifike hapa.

Wengi wetu tulijifunza kuhesabu kwa vizibo vya soda. Darasa la kwanza ulitumwa vizibo kumi, baadaye mia, mama anakwenda kuomba baani. Na tukifika chuo tunafundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira: boksi, chupa, vizibo tena. Lakini angalieni tunavyofundishwa kuvitazama. Kizibo ni mbadala. Kipo kwa sababu kitu chenyewe hakipo. Siku shule ikipata fedha, vizibo vitatupwa na zana za kweli zitanunuliwa. Koroboi ni mbadala wa taa, katambuga ni mbadala wa kiatu, gari la waya ni mbadala wa toi. Tumekua tukiamini kwamba kilichopo mkononi ni cha kusubiria tu.

El Anatsui ni Mghana, alizaliwa mwaka 1944, na kuanzia mwaka 1975 alifundisha Chuo Kikuu cha Nigeria kule Nsukka. Mwalimu, kama sisi tutakavyokuwa. Alichukua vifuniko vya chupa za pombe kali, akavibonda, akavikunja, akaviunganisha kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, hadi vikawa kama shuka kubwa za dhahabu na nyekundu zinazoshuka ukutani kwa mikunjo. Ukiwa mbali unasema ni kente, na kwao kente ilifumwa nyumbani. Mwaka 2015 maonyesho ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Mwaka 2023 alijaza ule ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London. Na hajavitumia vifuniko kwa sababu alikosa rangi. Pombe kali ni moja ya bidhaa ambazo Wazungu walizileta Afrika Magharibi kubadilishana, hata na watu. Kifuniko kinajua hayo yote, si mbadala wa kitu chochote.

Nilikuwa nimeshayasoma haya juujuu kabla ya kwenda TP mwaka jana. Ndiyo maana sina pa kujitetea.

Nilipangiwa kufundisha historia Kidato cha Pili. Mada ilikuwa biashara ya masafa marefu, na niliifundisha vizuri tu, najua: njia ya Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, wapagazi wa Kinyamwezi, pembe zinashuka pwani, vitambaa vinapanda bara. Nilitumia nusu kipindi kwenye merikani, ile nguo ya pamba iliyoitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, ikawa kama fedha huko bara. Kisha nikatoa kazi: mchoro au umbo lolote linaloonyesha msafara, wapagazi wasiopungua kumi. Msimamizi kutoka chuo alikuwa anakuja wiki inayofuata na nilitaka ukuta wangu upendeze.

Msichana mmoja alileta manila iliyochorwa kwa maka peni za rangi nne, mistari imenyooka, kazi ya duka la stesheneri mjini kwa asilimia kubwa. Nikampa tisa kwa kumi. Kijana wa dawati la nyuma alileta ubao wenye wapagazi waliokatwa kwenye ndala kuukuu, wamesimamishwa kwa misumari. Pembe zilikuwa vipini vya miswaki myeupe, amevipinda kwa moto. Mizigo ameifunga kwa vipande vya fulana ya mtumba, na kwenye kimoja herufi za Kiingereza zilikuwa bado zinasomeka.

Darasa lilicheka. Ndala zilikuwa chafu. Nilimuuliza kwa nini hakutumia hata boksi, akasema, “Madam, nilichagua zilizoisha visigino, maana wale walitembea sana.” Darasa likacheka tena. Na mimi nilitabasamu, nakumbuka kabisa, lile tabasamu la mtu mkubwa. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, “Tumia vifaa vinavyofaa”, nikampa nne kwa kumi. Ukutani sikuiweka. Msimamizi alikuja, akaisifia manila.

Tazameni alichokuwa nacho mkononi yule mtoto. Nguo kutoka Marekani, juu ya kichwa cha mpagazi, inakwenda bara. Merikani ya kwake. Mimi niliyesimama mbele yao nusu saa nikiielezea sikuiona, kwa sababu nilikuwa nimeshaona ndala. Kama alikusudia au ilitokea tu siwezi kusema, kwa kuwa sikumuuliza. Kuhusu visigino alinieleza bila kuulizwa mara mbili, na bado sikusikia. Fundi wa getini angeuliza swali la pili. Mama angeuliza bei ya fulana.

Wenzangu watasema nimejilaumu kupita kiasi, mtihani wa taifa hauna ndala. Ni kweli hauna. Na wengine watasema tukianza kutoa alama kwa ndala kesho tutaletewa kila uchafu. Tutaletewa, na mwingine utakuwa uchafu kweli, kama zilivyo nyingi za hizo sanamu za majumba makubwa huko nje: mtu amerundika vitu, hajui vimetoka wapi, anasubiri sisi tumtafutie maana. Tofauti inapatikana kwa kuuliza tu, “kwa nini umechagua hiki?” Jungen ana jibu. Anatsui ana jibu. Yule kijana alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali.

Alama zile zilishakabidhiwa na siwezi kuzirudisha. Julai tunakwenda TP ya pili, na nimepangiwa mkoa mwingine. Kazi yenyewe sikuipiga hata picha, ila naikumbuka kuliko ile manila. Ndala nyingi zilikuwa za bluu, mbili nyekundu, na ya kiongozi wa msafara ilikuwa nyeupe. Wapagazi walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu, nikitafuta kama wamepungua.